Kezilahabi na fimbo ya Zakaria

Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alikuwa na umri wa miaka 27, amehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka mmoja tu nyuma, alipochapisha riwaya yake ya kwanza. Rosa Mistika haikudumu shuleni. Ilipigwa marufuku kwa sababu ya mambo iliyoyasema waziwazi: wakubwa wanaotembea na wanafunzi, mimba zinazotolewa kwa siri, msichana aliyelelewa kwa ukali akaishia mikononi mwa kila mwanamume aliyemwita. Baadaye marufuku ikaondolewa, kitabu kikaingia katika orodha ya vitabu vya sekondari nchini Tanzania na Kenya, nasi tukafundishwa kwamba ni riwaya ya malezi na maadili.

Nakiri kwamba siku hizi nawaelewa zaidi waliokipiga marufuku kuliko waliokiruhusu. Wale wa kwanza walihisi hatari, ingawa waliitafuta mahali pasipo pake, kwenye kurasa za mapenzi. Waliokiruhusu walikifuga. Walikigeuza kuwa onyo kwa mabinti, na hivyo wakamkabidhi Zakaria kitabu kilichoandikwa kumshitaki.

Zakaria ndiye baba yake Rosa. Ni mlevi wa Namagondo, Ukerewe, anayempiga mkewe Regina na kuwalinda mabinti zake kwa macho makali. Sheria ya nyumba yake ni moja: binti asionekane na mvulana. Anapogundua kwamba kuna mvulana amemwandikia Rosa barua, anamchapa kipigo ambacho kijiji kizima kinakisikia. Kuanzia hapo Rosa anawaogopa wanaume kama moto. Anakwenda shule ya wasichana, anasoma, anasifiwa kwa tabia njema. Kisha anafika mahali ambapo baba yake hayupo, na kwa muda mfupi tabia njema yote inaporomoka. Chuo cha ualimu cha Morogoro kinamaliza kilichobaki, na miongoni mwa wanaume wanaomtumia yumo mkuu wa chuo, mtu aliyewekwa pale kumlinda.

Tulipokuwa shuleni tuliulizwa: je, kosa ni la Rosa, la baba yake au la jamii? Tukagawana makundi tukabishana hadi kengele ilipolia. Swali hilo lilitupitisha pembeni ya jambo lenyewe. Kezilahabi anaonyesha kwamba Rosa hakupata hata siku moja nafasi ya kukataa kitu yeye mwenyewe. Aliyekataa kwa niaba yake ni baba. Fimbo ilifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na akili ya msichana, na fimbo ilipobaki ng'ambo ya ziwa, akili ilikuwa haijawahi kuamua lolote. Rosa anakuja kupata mchumba, Charles, anayemtaka kwa dhati hadi anapobaini kwamba si bikira. Anamwacha. Rosa anajiua.

Sasa toa jina la Zakaria, weka mahali pake mkuu wa wilaya. Toa binti, weka mkulima. Badala ya bikira weka kijiji cha ujamaa. Utakuwa na muhtasari wa karibu kila kitu Kezilahabi alichokiandika katika miaka minane iliyofuata. Ndiyo maana nashikilia kwamba Rosa Mistika, ambayo haina hotuba hata moja ya chama, ni riwaya yake ya kisiasa kuliko zote. Aliyeandika habari za dola alianzia sebuleni, kwa sababu ndipo raia anapojifunza kwa mara ya kwanza jinsi ya kutawaliwa.

Kisiwa kilichomlea kina historia ya ajabu katika uandishi. Ukerewe ni kisiwa cha wavuvi na wakulima ndani ya Ziwa Viktoria, mbali na Lamu, mbali na Mombasa, mbali na Unguja, mbali na kila mahali ambapo mtu angetarajia fasihi ya Kiswahili izaliwe. Lakini ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyekamilisha riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji wa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapwa mwaka 1980 tu, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ndiko alikotoka pia Gabriel Ruhumbika. Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, kijiji kile kile alichompa Rosa, na akasomea seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya pili, lugha ya shule na ya taifa. Kinasikika hivyo: sentensi fupi, maneno machache ya Kiarabu, hakuna marembo ya pwani. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Mimi naona ndilo lililomwezesha kusema mambo magumu bila kuyavika kanzu.

Seminari nayo ilimwachia alama. Waliosali Litania ya Bikira Maria watalitambua jina la kitabu: ni moja ya sifa za Mama wa Mungu, waridi la fumbo. Kumpa msichana aliyetoa mimba na kujiua jina linalotamkwa kanisani kwa magoti, katika Tanzania ya mwaka 1971, kulihitaji moyo.

Mwaka 1974 akatoa vitabu viwili. Kichomi ni diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ilizua ugomvi mkubwa. Amri Abedi alikuwa ameandika Sheria za Kutunga Mashairi tangu 1954, na kwa washairi wengi shairi lisilo na vina halikuwa shairi. Ugomvi ule umeandikwa vya kutosha, sitaurudia, ila nitasema kwamba hata ndani yake lilikuwamo lile lile la Zakaria: nani ametoa sheria, na je, anayeivunja amepotea au amekua?

Kitabu cha pili kilikuwa Kichwamaji. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi nyumbani Ukerewe. Rafiki yake wa utotoni, Manase, sasa ni mkuu wa wilaya. Manase huyo huyo amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, akamwacha, na Rukia anakufa. Uhuru una miaka michache tu, na vijana wa kwanza kukalia viti vya wakoloni tayari wanafanya kwa dada za wenzao yale ambayo mkuu wa chuo alimfanyia Rosa. Kazimoto hana nguvu ya kumfanya lolote. Elimu yake imempa maswali mengi na imani sifuri. Naye anajiua.

Watu wengi husoma Kichwamaji kama kitabu cha kukata tamaa, wakasema mwandishi ameathiriwa na falsafa za Wazungu kuhusu upuuzi wa maisha. Kweli alizisoma. Lakini ukirudi kwenye kurasa zile utaona kwamba Kazimoto hakukatishwa tamaa na vitabu. Anaishi katika nchi ambayo kila mwenye cheo anamwambia kila asiye na cheo: subiri.

Mwaka uliofuata, 1975, ikaja Dunia Uwanja wa Fujo, na hapa dola inatoka nyuma ya pazia. Tumaini ni kijana anayerithi fedha, anazimaliza kwa pombe na wanawake, kisha anajikokota na kuwa mkulima mkubwa mwenye mashamba na vibarua. Ndipo sera ya Ujamaa inapomfikia. Shamba lichukuliwe. Tumaini anampiga risasi afisa wa serikali, na kwa hilo ananyongwa.

Msomaji wa wakati huo hakuhitaji kuelezwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, kule Isimani mkoani Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, wakati wa msukumo mkali wa kilimo cha ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kifo akanyongwa. Riwaya haimtaji yeyote kati yao. Pia haimpendelei mtu. Tumaini ni mnyonyaji, na Kezilahabi hamfichi. Vibarua wake wanaishi vibaya na yeye hana habari. Upande wa pili, afisa anayekuja na amri anaamini kwa dhati kwamba ana haki. Na hapo ndipo panapouma. Hakuna mwovu wa kumtupia mawe. Kuna jambo jema linalotekelezwa na mtu asiyeuliza.

Ndugu msomaji, lazima hapa tumzungumzie Mwalimu Nyerere, na tumzungumzie kwa heshima anayostahili. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa na ndoto ambayo sioni aibu kuitetea hadi leo: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, nchi isiwe na wachache wanaonona kwa jasho la wengi. Mwezi Septemba mwaka huo huo Mwalimu akaandika Ujamaa Vijijini, na akasisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari. Mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, akaeleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Akatoa mfano wa nyumba: mtu wa nje anaweza kumjengea mwenzake nyumba, lakini hawezi kumpa fahari na kujiamini.

Hakuna aliyewahi kuandika hoja bora zaidi dhidi ya Zakaria. Kisha, Novemba 1973, kuishi vijijini kukawa amri, na mwisho wake ukawekwa kuwa mwaka 1976. Zikaja operesheni. Mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa malori ya jeshi na ya serikali, wengine kwa vichwa na mabega yao. Mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili watu wasirudi. Walioachwa nyuma ni makaburi, miembe, mashamba ya mihogo ambayo hayajavunwa. Maendeleo yale yale ambayo hayawezi kuletwa na mtu wa nje yaliletwa, na mtu wa nje, akiwa na karatasi mkononi na mgambo nyuma yake.

Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, ndiyo riwaya ya operesheni hizo. Mahali ni Ukerewe, vijiji ni Kisole na Bucho. Wanakijiji wanatakiwa kuhama. Wanakataa. Dola inatumia nguvu. Vijana wawili wasomi, Mamboleo na Mambosasa, wanajikuta katikati, wakiwa wamesoma ujamaa chuoni na sasa wakiuona ukitembea kwa miguu yake kijijini kwao. Kezilahabi hakuandika kitabu hiki kama mpinzani wa ujamaa. Wapo wahakiki waliomsoma hivyo, na wapo wengine waliomsoma kama mtetezi wake, na nadhani wote wawili walifunga kitabu mapema mno. Alichokuwa akihesabu ni gharama: wazo jema linapoingizwa kwa mtu kwa kitako cha bunduki, hubaki nini cha wazo?

Jina lenyewe ni fumbo ambalo kila mwanakijiji analijua. Nyoka hujivua gamba. Analiacha njiani, jepesi, linang'aa, na mtoto anaweza kuliokota akadhani nyoka amekufa. Yeye yuko vichakani, na ngozi yake mpya ni laini kuliko ile ya zamani. Aprili 2011 Chama Cha Mapinduzi kilipotangaza kwamba kinajivua gamba, na magazeti yote yakaandika maneno hayo kwa herufi kubwa, wasomaji wa Kezilahabi walikuwa wameishi na picha hiyo kwa miaka 32. Walijua la kuuliza. Gamba limevuliwa, sawa. Na nyoka je?

Kuna jambo ambalo haki inanitaka nilitaje. Kezilahabi hakufungwa. Nchi jirani, tarehe 31 Desemba 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa usiku nyumbani kwake baada ya tamthilia yake ya Kigikuyu kuigizwa na wanakijiji wa Kamirithu, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Tanzania ya wakati huo huo ilikuwa na mwandishi aliyeandika kuhusu mkulima kumuua afisa wa serikali na kijiji kikipigana na operesheni, na mwandishi huyo alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu cha serikali. Hilo ni jambo la kuhesabiwa upande wa Mwalimu, na sisi tunaomkosoa tusilipite kimya.

Ila ukimya una aina nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kezilahabi aliandika tamthilia, Kaptula la Marx. Rais Kapera na mawaziri wake wanasafiri kuitafuta nchi ya Usawa, na rais amevaa kaptula ya Karl Marx isiyomtosha. Mjue Kiswahili mtaona ujanja ulioko kwenye neno moja dogo. Kaptula kwa kawaida ni "kaptula ya". Mwandishi akaandika "la", na kwa kiunganishi hicho pekee nguo ikawa kubwa kupita kiasi, ikamning'inia rais kiunoni kabla hata pazia halijafunguliwa. Tamthilia hiyo ilikaa kama muswada kwa miaka takriban 20. Ilichapishwa mwaka 1999, mwaka aliokufa Mwalimu, wakati nchi ilikuwa imeshaivua kaptula hiyo zamani na kuvaa suti ya soko huria.

Ipo pia hadithi fupi ambayo natamani kila mgombea ubunge aisome kabla hajachukua fomu: Mayai Waziri wa Maradhi. Waziri mwenye kitambi anaandamwa na mizuka ya watoto waliokonda. Ni kurasa chache tu. Cheo chake si Waziri wa Afya, na kosa hilo la makusudi linatosha.

Mwaka 1976 alikuwa ameandika tasnifu ya uzamili kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, na nadhani hapo ndipo unaweza kupima umbali aliotutembeza. Katika Kusadikika, Karama anasimama mbele ya baraza na kujitetea kwa hoja, siku baada ya siku, na mwisho haki inasikilizwa. Shaaban Robert aliandika chini ya mkoloni na aliamini kwamba mtawala akielezwa vizuri ataelewa. Kezilahabi aliandika chini ya watu wetu wenyewe, watu waliosoma naye, na hakuwa na uhakika huo. Wahusika wake wanaojieleza vizuri ndio wanaokufa mapema.

Alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, akapata uzamivu mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi katika riwaya hakuwa mwandishi yule yule. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, unaweza kuvimaliza safarini kutoka Dar hadi Morogoro, na unaweza kukaa navyo miaka kumi bila kuvimaliza. Hakuna Ukerewe iliyotajwa, hakuna mkuu wa wilaya, hakuna operesheni. Kuna msafiri anayepita katika nchi za ukimya akitafuta mwanga. Kuna dunia iliyoharibiwa na watu wachache wanaotafuta pa kuanzia.

Wengi walisema amekimbia siasa. Nilisema hivyo mimi pia, na sikuvipenda vitabu vile kwa muda mrefu. Niliona mwandishi aliyejua bei ya mihogo Kisole amepanda mawinguni akatuacha. Kilichonibadilisha ni kalenda. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kiongozi sasa angeweza kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupokea mapato zaidi ya moja. Lile lililowafukuza watu kwenye makaburi ya babu zao, lile ambalo Mwamwindi alinyongwa kwa kulipinga, liliwekwa kando katika kikao, bila mtu wa Kisole kuulizwa kama alivyokuwa hakuulizwa mwanzo. Mzingile ni ya mwaka huo huo. Mwandishi aliyeshuhudia wazo likiingia kwa nguvu na kutoka kimyakimya angeandika nini tena kwa mtindo wa zamani, wenye mwanzo, kati na mwisho? Njia zilikuwa zimezunguka zikarudi pale pale. Mzingile ndilo neno.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Nina ugomvi naye wa siku nyingi, na ugomvi huo ni kuhusu wanawake. Rosa anakufa. Rukia anakufa, tena akiwa hajasema mengi. Kezilahabi alimwona mwanamke kuliko mwandishi yeyote wa kiume wa kizazi chake, lakini alimwona zaidi kama ushahidi wa kesi dhidi ya wanaume. Ukihesabu kurasa ambazo Rukia anafikiri kwa sauti yake mwenyewe, ukalinganisha na zile ambazo Kazimoto anafikiri juu ya kifo chake, utaelewa ninachosema. Alitaka kuivunja fimbo, na mara nyingi wahusika wake wa kike hawakupata nafasi ya kuwa kitu kingine zaidi ya mahali ilipotua. Msichana aliyesoma Rosa Mistika na kujiuliza "na mimi nifanyeje?" hakujibiwa.

Na sisi tumemfanyia nini? Tumemgeuza mtihani. Nimekaa na vijana wa kidato cha sita wakiandaa majibu, na nimewasikia wakikariri: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa ya mwandishi, wahusika, mandhari, tamathali za semi. Kijana anaweza kuorodhesha dhamira sita za Gamba la Nyoka bila kutambua kwamba bibi yake alihamishwa na operesheni ile ile, na kwamba yuko nyumbani, hai, anaweza kuulizwa leo jioni. Nilimshauri mmoja wao amuulize. Alirudi wiki iliyofuata na hadithi ya mlango wa mbao ambao babu yake aliung'oa kwenye nyumba ya zamani akaubeba kichwani hadi kijiji kipya, kwa kuwa mlango ule aliuchonga mwenyewe. Aliniuliza kama anaweza kuandika habari hiyo kwenye mtihani. Sikujua nimjibu nini, maana nilijua haitapata alama.

Hali yake nje ya darasa nayo si nzuri. Tangu 1995 Kezilahabi alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Botswana, maelfu ya kilomita kutoka kwa wasomaji wake. Mashairi yake yaliyochaguliwa yalitoka kwa Kiingereza mwaka 2015, katika tafsiri ya Annmarie Drury. Wanaosoma Afrika kwa Kiingereza walimjua Ngũgĩ, Achebe na Soyinka miaka mingi kabla hawajasikia jina la Kezilahabi, na hiyo ndiyo bei aliyolipa kwa kuandika kwa lugha ambayo Rosa angeielewa. Hakuwahi kuandika riwaya kwa Kiingereza, ingawa alikimudu vizuri kiasi cha kuandikia tasnifu ya uzamivu. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020, akiwa na miaka 75.

Nilisema riwaya yake ya kisiasa kuliko zote ni ile ya msichana. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi atakayepata mimba hatarudi shuleni katika serikali yake. Hakuanzisha jambo jipya. Wasichana walikuwa wakifukuzwa kwa miongo mingi, wakati mwingine baada ya kupimwa mimba shuleni kwa lazima, na mwanamume aliyehusika, awe mwalimu au dereva au mtu mzima wa jirani, akiendelea na maisha yake. Waliotetea amri ile walisema inalinda maadili. Walisema mabinti wakiruhusiwa kurudi, wengine wataiga. Ni maneno ya Zakaria bila kupunguza hata moja: ukali ndio ulinzi, na aliyeanguka aondolewe machoni pa wengine.

Wasichana waliofukuzwa walikwenda kuuza maandazi, kuolewa, kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Wengine walisoma kwa njia mbadala, kwa gharama ambayo wazazi wengi hawakuiweza. Novemba 2021 serikali ilibadili msimamo na kutangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua ataruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida. Ilikuwa miaka 50 kamili tangu Rosa Mistika ichapishwe, na miezi 22 tangu kifo cha aliyeiandika.